Bomba Linaishia Wapi?

Shilingi bilioni 50 mmezisikia. Vijana wenye gambuti mmewaona, na viongozi wenye gambuti mpya zaidi. Sisi wa huku Malindi, Magarini na Kilifi tuna swali moja kuhusu mpango wa kuusafisha Mto Nairobi uliozinduliwa Machi 2025. Bomba la maji taka linaishia wapi?

Tunauliza kwa sababu mto ule ni wetu, ingawa hakuna aliyetuita kwenye uzinduzi. Mto Nairobi huingia Athi. Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na Galana ukifika kwetu ni Sabaki. Kando ya Sabaki, pale Baricho, ndiko yanakovutwa maji ya visima yanayokuja Malindi, Kilifi, mpaka Mombasa. Mchanga wa Baricho huyachuja, alhamdulillahi. Lakini mchanga si mlinzi wa kuachiwa uchafu wa mji wenye watu zaidi ya milioni 4.

Mlinzi mwenyewe yuko Ruai, Nairobi, kwenye mabwawa ya Dandora yaliyojengwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Maji taka huingia bwawa la kwanza, lenye kina, tope likatuama na vijidudu visivyohitaji hewa vikalila. Yakisogea mbele hukuta mwani. Mwani hutoa oksijeni, na vijidudu vya aina nyingine huendeleza kazi. Mwisho ni mabwawa ya kina kifupi, ambako jua huua viini vya maradhi. Jua letu hili hili, la bure! Ndipo maji yarudishwe mtoni, na kanuni zinataka uchafu uliobaki usidai zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita. Ukizidi mno, oksijeni ya mto inaweza kuliwa yote, na samaki wakafa majini kwa kukosa pumzi.

Kazi nzuri. Ila mabwawa ya Ruai hayausafishi mto. Husafisha kile tu kilichofikishwa na bomba, na karibu nusu ya Nairobi haina bomba. Choo cha Mathare kilichojengwa juu ya mto hakipiti Ruai. Bomba la ghorofa lililounganishwa usiku kwenye mfereji wa maji ya mvua halipiti Ruai. Chemba iliyovunjwa ili sukuma wiki zipate maji, hiyo nayo haipiti Ruai. Na kiwanda kinachotapisha kemikali zake usiku wa mvua, kikidhani mvua ni mfuko wa siri, hata kikiunganishwa na bomba hakitakuwa kimetuokoa: mwani haujui kula risasi wala kromi. Mwenye kiwanda asafishe kwanza kwake.

Kwa hiyo maji yaliyohangaikiwa Ruai hurudishwa kwenye mto ambao tayari umebeba yale yasiyohangaikiwa. Halafu tunaonyeshwa chupa za plastiki zilizookotwa! Chupa inaonekana kwenye kamera, bomba limefukiwa. Ndiyo maana bomba halina rafiki.

Mwaka 2008 John Michuki alikabidhiwa wizara ya mazingira, akaushughulikia mto ule kwa ukali wake unaojulikana. Pale mzunguko wa Globe, Nairobi, watu walipumua. Leo bustani ya pale ina jina lake, na maji yanayopita kando yake yamerudi kuwa meusi, kwa kuwa takataka zilizolewa lakini mabomba hayakufika kila nyumba. Na sasa? Mpango huu nao unataja mabomba. Vizuri. Bomba linaishia wapi? Likiishia Korogocho kabla ya kufika Ruai, tumefukia pesa. Likifika Ruai, je, mabwawa yamezolewa tope, au yatapewa mzigo wa mji mpya kwa kina cha zamani?

Wasikilizaji, msingoje kuulizwa. Hatukuulizwa jana na hatutaulizwa kesho. Gavana akija Malindi, mwulizeni. Seneta akija mazishini, mwulizeni baada ya dua. Mbunge akija na mipira ya vijana, pokeeni mipira, kisha mwulizeni: vipimo vya maji yanayotoka Ruai mwezi huu viko wapi, na kwa nini havibandikwi pale Baricho tukavisoma? Akisema hilo ni la Nairobi, mpelekeni daraja la Sabaki, mmteremshe hadi majini, mmpe kikombe.