Anwani ya barua pepe: kuianika au kuificha?

Mwenye nyumba anaweka tangazo la chumba cha kupanga mtandaoni, na chini yake anwani yake ya barua pepe. Wapangaji wataiona. Zitaiona pia programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikisaka alama ya @ na kuzoa kila anwani iliyo nayo.

Mwaka 2002, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitawanya anwani 250 za majaribio katika sehemu 175 za intaneti. Kati ya zilizowekwa kwenye kurasa za tovuti, asilimia 86 zilipokea barua taka.

Kwa nini jambo hili linamhusu mtu wa kawaida? Kwa sababu ndani ya lundo hilo la barua taka hujificha mikopo hewa, ajira za uongo na viungo vya kuibia nywila.

Kwa upande mmoja, fundi seremala anayetafuta wateja hawezi kujificha; asipopatikana, hauzi. Kwa upande wa pili, anwani ikishazolewa hairudi tena kuwa siri. Wapo wanaotumia njia ya kati: anwani ya pili kwa matangazo tu, mbali na ile ya benki, au fomu ya mawasiliano isiyoonyesha anwani.

Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Lakini watumaji wengi wa barua taka wako nje ya mipaka ya nchi hizo.

Je, mzigo wa kujilinda ubaki kwa mwenye anwani, au tovuti za matangazo zilazimishwe kuificha tangu mwanzo?