Tusichague kati ya sayansi na inchi yetu



Mimi niko na lisanse ya fizike, na niko bila kazi. Mama ananiuliza: «Fizike yako italeta kilo ngapi ya unga ku nyumba?» Leo nataka kumujibu mbele yenu, lakini nitaanzia mbali, Pakistani.

Abdus Salam alisoma fizike Cambridge. Mwaka 1951 akarudi kwao kufundisha Lahore. Akili alikuwa nayo, inchi yake aliipenda. Kilichokosa ni wenzake: mtu wa kumuonyesha hesabu, naye amuambie «hapa umekosea». Mu 1954 akarudia Uingereza.

Lakini ule upweke hakuusahau. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizike ya nadharia kule Trieste, Italia. Mutafiti wa inchi maskini anafika pale kwa muda, anafuata mikutano, anabishana na mabingwa, kisha anarudi kufanya kazi kwao. Kiisha anaweza kuja tena. Asilazimike kuhama juu ya kubaki mwanasayansi. Mu 1979 Salam mwenyewe akapata tuzo ya Nobel.

Basi taasisi si majengo tu. Ni mushahara unaofika, vitabu, vyombo, na watu wa kukukosoa, kwa kazi yenye faida yake haijaonekana bado.

Na siye? Tuko na Lwiro, kule Kabare. Pale Wabelgiji waliweka makao ya IRSAC, taasisi iliyoanzishwa 1947. Walichunguza wanyama, mimea, chakula cha watu, matetemeko ya udongo. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotoka, Goma yote iliuliza: tukimbie ao tubaki? Jibu kama lile hauwezi kulinunua siku ya moto. Linatoka mu vipimo vya miaka mingi, hata miaka yenye mulima umelala na hakuna mutu anauliza kitu.

Ndiyo maana tunadai mambo matatu. Pesa ya utafiti yenye imeandikwa mu bajeti ya serkali itoke, ifike. Taasisi zifungulie vijana wenye diplome mulango. Na kila mwaka watafiti wa Bukavu, Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa wakutane, waonyeshane kazi.

Mama, unga sijaleta. Lakini sitaki kuomba visa ili nitumikie akili yangu.