Tuuinue Waya wa Chini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Denver, Colorado)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya mnyama aliyechorwa katika jalada la kijitabu chetu cha mwaka huu, kwani wengi wameuliza kama ni swala wa kwetu. Jawabu ni kwamba huyu si swala, wala hakutoka kwetu. Hata hivyo anao jamaa huko kwetu, nami nitawataja kabla sijaketi.

Kwa Kiingereza huitwa pronghorn. Mimi leo nitamwita pembepanda, kwa sababu pembe yake imegawanyika mbele kama njia panda. Makazi yake ni nyika za magharibi ya Amerika ya Kaskazini, tangu kusini mwa Canada hadi kaskazini mwa Mexico, wala porini hapatikani penginepo duniani. Uzito wake ni baina ya kilo 40 na 60. Mgongo wake ni wa hudhurungi, tumbo na matako ni meupe. Akishtuka husimamisha nywele nyeupe za matakoni zikang'aa juani, na wenziwe walio mbali wakapata habari. Ndugu zetu waliokuja kwa gari kutoka upande wa Wyoming bila shaka wamewaona kando ya barabara.

Wenyeji wa nyika hizi walimjua kwa majina yao tangu kale. Wageni ndio waliobabaika. Msafara wa Meriwether Lewis na William Clark ulipomwona kandokando ya mto Missouri mwaka 1804, walimwandika kuwa ni mbuzi. Walowezi waliofuata walimpa jina la swala wa Afrika na Asia. Mwaka 1818 mtaalamu George Ord akampa jina la kisayansi ambalo maana yake ni swala-mbuzi. Lakini yeye si swala wala si mbuzi. Pembe ya swala haianguki maisha. Ya pembepanda huvua ganda lake la nje kila mwaka, kiini cha mfupa kikabaki. Katika ukoo wake amesalia peke yake, wengine wote wametoweka. Na wataalamu walipoichunguza nasaba yake, waliona kwamba jamaa zake wa karibu walio hai ni wawili: twiga wa mbuga zetu, na okapi wa misitu ya Ituri huko Kongo. Basi huyu tunayemwona nje ya mji huu ana binamu zake ng'ambo ya bahari, na mtu akimtazama kwa nje tu hawezi kulijua hilo.

Sifa yake kubwa ni mbio. Hukaribia kilometa 90 kwa saa, na huweza kwenda mwendo mkali kwa masafa ambayo duma angekwisha kukata pumzi. Hapa Marekani leo hapana mnyama wa kumkimbiza hivyo. Mtaalamu John Byers, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, alieleza kwamba mbio hizi ni urithi wa zama ambazo nchi hii ilikuwa na wanyama jamii ya duma, waliotoweka yapata miaka 12,000 iliyopita. Adui amekwenda, mbio zimebaki.

Lakini kiumbe huyu aliyepewa mbio zote hizo ana udhaifu mmoja. Haruki. Ameumbiwa nchi tambarare isiyo na kizuizi, naye akikutana na ua wa seng'enge hata wa kimo cha kifua cha mtu, kwa kawaida hauruki. Hutembea kandokando ya ua akitafuta pa kupenya, kisha hupiga magoti na kutambaa chini ya waya. Waya wa chini ukiwa karibu mno na ardhi, hukwama hapo. Na theluji ikiwa nyingi, hufa hapo hapo, malisho anayaona upande wa pili.

Zamani walikuwa mamilioni. Kwa bunduki za wawindaji na kwa nyua za mashamba ya ng'ombe, mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki maelfu machache. Ndipo zikatungwa sheria za kuwalinda, na hifadhi zikatengwa, kama ile ya Sheldon katika Nevada mwaka 1931 na ya Hart Mountain katika Oregon mwaka 1936. Leo wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Hata hivyo hawajasalimika wote: katika jangwa la Sonora upande wa Arizona, ukame wa mwaka 2002 uliwapunguza wakabaki 21 tu.

Wapo kundi moja la mamia kadhaa ambao kiangazi hulisha chini ya milima ya Teton, na kila majira ya baridi hushuka kusini hadi bonde la Green River, mwendo wa zaidi ya kilometa 150. Watoto hufuata nyuma ya mama zao. Mahali paitwapo Trappers Point njia yao hubanwa ikawa kichochoro, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta hapo mifupa ya pembepanda waliowindwa yapata miaka 6,000 iliyopita. Kwa hiyo njia hii imetumika tangu kabla ya mapiramidi ya Misri. Mwaka 2008 serikali iliilinda rasmi njia hiyo ndani ya msitu wa taifa wa Bridger-Teton, na mwaka 2012 yalikamilika madaraja mapana ya udongo na majani juu ya barabara kuu ili wanyama wapite. Wenye mashamba nao wengi wameombwa jambo jepesi: wauinue waya wa chini kiasi cha nusu mita hivi, na uwe waya laini usio na miiba. Ng'ombe hatoki, na pembepanda hupita.

Sasa niseme juu ya sanaa. Watu wa Mimbres, waliokaa kusini-magharibi mwa New Mexico yapata miaka elfu iliyopita, walifinyanga mabakuli meupe na kuyachora wanyama kwa rangi nyeusi, na pembepanda yumo, hutambulikana kwa panda ya pembe yake. Bakuli kama hilo liliwekwa juu ya uso wa maiti kaburini, likiwa limetobolewa kitako. Wachoraji wa Kizungu walifuata baadaye sana, kama John James Audubon na wanawe, waliomtia katika kitabu chao kikubwa cha wanyama katika miaka ya 1840.

Lakini picha zinazonigusa zaidi zimo Arizona, katika korongo la Canyon del Muerto. Juu ya jabali wamechorwa pembepanda, na picha hizo hunasibishwa na msanii wa Kinavajo aitwaye Dibe Yazhi, yaani Mwanakondoo, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwatoa Wanavajo makwao kwa nguvu, wakatembezwa kwa miguu mamia ya kilometa hadi Bosque Redondo, na wengi walikufa. Mwaka 1868 waliosalimika waliruhusiwa kurudi. Picha walizikuta jabalini. Wazee wetu walioondoka makwao na sanduku moja mkononi hawahitaji kuelezwa maana yake.

Ndugu zangu, nimesikia minong'ono kwamba mikutano hii imekuwa mizito kwa mifuko, na kwamba vijana wetu hawaji kwa kuwa hawaujali ukoo. La kwanza tutalijadili kesho. La pili silikubali. Vijana hawa wana mbio kutushinda. Wamesoma, wanafanya kazi, wanalea. Ila wanafika kwenye ua wetu na kukuta waya wa chini umelala ardhini. Akikosea Kiswahili, tunamcheka. Asipojua kama fulani ni ami yake au mjomba wake, tunamwaibisha mbele za watu. Ada ya mwanafunzi ni sawa na ya mwenye mshahara.

Ninapendekeza mambo matatu kwa mkutano wa kesho. Wanafunzi wasilipe ada. Shajara ya nasaba ichapwe katika kila kijitabu, pamoja na maneno tunayoitana. Na kikao kimoja kila mkutano kiongozwe na vijana kwa lugha watakayoiweza, nasi wazee tusikilize. Ua wa heshima na dini yetu ubaki pale pale ulipo. Tuuinue waya wa chini tu, wapite.