Kuacha Sigara

Mvuvi wa Bwejuu akirudi na dema tupu huwasha sigara, akidai yamwondolea dhiki. Sivyo. Dhiki hubaki palepale. Kinachotulia ni uchu ulioletwa na nikotini, sumu iliyomo katika tumbaku yenyewe. Uchu huo ni kama maji ya pwani yetu: hujaa, kisha hupwa. Mara nyingi hauzidi dakika 10. Ukikujia, kunywa maji, tembea ufukoni, zungumza na mwenzio. Wiki ya kwanza ndiyo nzito. Baada ya wiki 4 hivi wengi huona nafuu. Mwezi wa Ramadhani twajizuia tangu alfajiri hata magharibi. Basi nguvu tunazo. Nawe ukiteleza siku moja, usikate tamaa, anza tena.