Miaka ya Mwalimu Inahesabiwa Wapi?



Kila mgeni mwenye daftari akifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, na kukutana na mwalimu, swali huwa lile lile: mwalimu, utarudi kwenu au utabaki? Mwalimu hutabasamu, hujibu kwa adabu, mgeni huandika, gari huondoka. Mimi swali hilo limenichosha. Linamchukulia mwalimu mkimbizi kama yule mwalimu wa mkataba aliyepanda ndege kuja kufundisha ugenini, ambaye shauri lake kubwa ni mshahara, shule ya watoto na mama mzee aliyemwacha nyumbani.

Huyo wa mkataba tunamjua. Kamuzu Academy ilipofunguliwa Mtunthama, kule Kasungu, mwaka 1981, Rais Banda aliijaza walimu wazungu wa kufundisha Kilatini na Kigiriki, na Mmalawi mwenye shahada yake hakupewa nafasi ya kushika chaki pale. Leo mwalimu wa aina hiyo utampata kwenye shule za kimataifa za Lilongwe. Ana nyumba, ana tiketi ya likizo, ana kiinua mgongo. Mkataba ukikaribia kwisha, yeye na mwenzake hukaa mezani wakashauriana. Wakirudi, wanarudi na barua ya kazi. Wakibaki, wanabaki na kibali. Kwa vyovyote vile, miaka aliyofundisha imeandikwa mahali, na iko ofisi itakayoisoma.

Sasa tumchukue mwalimu wa hesabu aliyetoka Uvira. Simtaji mtu, wapo wengi, na jirani yako anaweza kuwa mmoja wao. Ana diploma ya serikali ya Kongo, na juu yake ana miaka mitatu ya chuo cha ualimu, ISP Bukavu. Alifika Dzaleka, akapokewa, na kwa kuwa shule ilikuwa na watoto wengi kuliko walimu, akapewa darasa. Shule za kambini zimekuwa zikiendeshwa na JRS, shirika la Wajesuiti, kwa mtaala wa Malawi. Basi mtu aliyejifunza aljebra kwa Kifaransa anaifundisha kwa Kiingereza, anaandaa watoto kwa mitihani ya taifa ya MANEB, na mtoto akikwama anamfafanulia kwa Kiswahili, huku wawili wa dawati la nyuma wakinong'onezana kwa Kinyarwanda. Mwisho wa mwezi mwenzake Mmalawi anapokea mshahara. Yeye anapokea posho, ile iitwayo insentivu.

Insentivu inanunua unga na sabuni. Haina pensheni, haina kupanda daraja, haina namba ya mwajiriwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa, tena miaka mingi iliyopita, na amelima. Kitabu cha mavuno ndicho ambacho jina lake halimo.

Kwa nini halimo? Malawi iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini kwa masharti yake. Katika haki ya kuajiriwa, haikukubali kumpa mkimbizi zaidi ya inavyompa mgeni mwingine yeyote, na ilijiwekea haki ya kumpangia mahali pa kuishi na kumzuia kutembea. Sheria ya Wakimbizi ikaja mwaka 1989. Nchi ilikuwa imejaa wenzetu wa Msumbiji waliokimbia vita, idadi yao ikafika karibu milioni moja, na serikali ilihesabu kwamba siku moja watarudi. Kweli walirudi, baada ya makubaliano ya Roma ya Oktoba 1992. Hesabu ile ya Msumbiji ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo, ingawa vita vya Kivu havijapata Roma yake.

Mwaka 1989 una jambo jingine, na vijana wengi hawalijui. Mwaka huo huo Banda aliamuru kila mwalimu wa Malawi akafundishe katika mkoa aliozaliwa. Walimu wa kaskazini, ambao walikuwa wametapakaa nchi nzima, wakafunga mizigo. Rais aliwatuhumu kwamba wanaharibu elimu ya mikoa mingine makusudi. Kwa hiyo ukimwambia Mmalawi mwenye umri kwamba kuna mwalimu anayeambiwa arudi kwao, usidhani unamsimulia habari ya Wakongo peke yao. Na Dzaleka yenyewe, kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, ilikuwa gereza la watu waliomuudhi mkubwa huyo huyo.

Turudi kwa mwalimu wetu. Tuseme amechoka, anataka kwenda Uvira. Kongo mwalimu hana mwajiri mpaka amemekanizwa, yaani mpaka jina lake liingie kwenye orodha ya mishahara, ile tuliyoizoea kama SECOPE na siku hizi inaitwa DINACOPE. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliowalisha walimu kwa ile ada iitwayo prime. Septemba 2019 Rais Tshisekedi akatangaza elimu ya msingi bure. Jambo jema, watoto wakamiminika. Lakini mwalimu ambaye hakuwa kwenye orodha alijikuta prime imeondoka na mshahara haujafika. Hao ndio NU, yaani nouvelles unités, walimu wapya wasio kwenye orodha, na kati yao wapo waliofundisha miaka bila kupokea hata faranga moja ya serikali. Mtu aliyeondoka akiwa NU anarudi kuwa NU, tena mwenye mvi, nyuma ya vijana aliowafundisha yeye. Halafu Januari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Goma, Februari wakaingia Bukavu. Benki za Goma zikafungwa. Mwalimu wa serikali anayelipwa kupitia benki, mwambieni mshahara wake aukimbilie wapi.

Na watoto wake je? Wamezaliwa kambini. Wanajua Kiingereza cha shule na Kichewa cha sokoni. Ukiwapeleka Kongo, mkubwa atarudishwa madarasa kwa sababu ya Kifaransa. Nimewaona akina mama wakilipima jambo hili zaidi ya habari za bunduki, na siwashangai. Mrwanda ana nafuu hapo: nchi yake iliacha Kifaransa ikashika Kiingereza shuleni tangu mwaka 2008, hivyo miaka yake ya Malawi ingekuwa mtaji. Lakini Mrwanda ana sababu zake za kutorudi, na si zote za kusemwa redioni.

Kuna mlango wa tatu, safari ya kupelekwa nchi nyingine. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na kesi za watu waliokwisha kupimwa afya zikalala. Hata waliosafiri zamani hawakwenda kushika chaki. Mwalimu akifika Ohio au Adelaide anaanza kazi ya bohari au ya kutunza wazee, kwa kuwa hana karatasi ya kumshawishi mtu kwamba alisimama darasani miaka kumi na mbili. Inanikera. Darasa alikuwa nalo, wanafunzi walifaulu, baadhi wako vyuo vikuu.

Kubaki nako si kubaki kwa kutulia. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwasomba. Maduka yalifungwa, watoto wakatolewa shule katikati ya muhula. Kambi iliyojengwa kwa watu elfu kumi au kumi na mbili sasa ina zaidi ya elfu hamsini.

Miezi miwili baada ya msako ule, Julai 2023, Rais Samia wa Tanzania alikuja kwenye sherehe za uhuru wa Malawi, na Chakwera, rais wetu wa wakati huo, akatangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule za nchi hii. Tulipiga makofi. SADC ilikuwa imekipokea kuwa lugha rasmi tangu Agosti 2019, na Malawi ilikuwa inachelewa. Lakini walimu watoke wapi? Dar es Salaam watakuja, karibuni sana. Ila kilomita 40 na ushee kutoka Lilongwe wamekaa watu waliosomea ualimu, Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, Kichewa wamekijua kwa kuishi, na mtaala wa Malawi wanaufundisha kila siku. Serikali inawaambia wakae kambini. Ningekuwa waziri wa elimu, hilo lingeninyima usingizi kabla ya bajeti.

Siombi makubwa. Desemba 2017 nchi za IGAD, zilizokutana Djibouti, ziliahidi kuyatambua mafunzo ya walimu wakimbizi. Malawi haimo IGAD, lakini ahadi njema si lazima uwe mwanachama ndipo uiige. Hatua ya kwanza haihitaji Bunge. Kila mwalimu mkimbizi apewe barua ya utumishi yenye muhuri wa ofisi ya elimu ya wilaya ya Dowa: somo alilofundisha, madarasa, miaka, mtaala. Iandikwe kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Na nchi zetu za asili ziseme wazi kama zitaihesabu miaka hiyo mtu akirudi. Kongo imo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo pa kulizungumzia papo.

Mkuu wa shule unayenisikiliza usiku huu, daftari la mahudhurio ya walimu unalo kabatini. Anza na hilo. Muhula mpya unafunguliwa Septemba, hapa na Kongo vilevile, na watakaoamua kuondoka huondoka Agosti.