Meza Moja kwa Mafundi Wetu

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Kola, Machakos



Twashukuru kupewa nafasi hii baada ya kusomwa hesabu za mwaka. Mmekwisha kusikia habari za fedha, za misiba tuliyosaidiana, na za karo za watoto. Sasa twaomba subira yenu kidogo, kwa kuwa jambo tunalotaka kulisema halimo katika vitabu vya hesabu. Ni habari ya wale watu wa kwetu, vijana kwa wazima, ambao baada ya kazi za mchana huketi uani wakiunganisha vyuma vikuukuu, nyaya na mabati, wakijaribu kufanyiza chombo ambacho hakuna aliyewatuma kukifanyiza. Wengine wetu husema kwamba watu hao wanapoteza wakati. Sisi twaja kuwaombea meza moja katika siku ya mkutano wetu, ili waonyeshe kazi zao mbele ya macho yenu.

Yatupasa kuanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa upande huu alileta barua, iliyoandikwa kwa mwandiko safi, akiomba ruhusa ya kuonyesha mtambo wake wa kupura mbaazi siku ya mkutano wa mwaka. Sisi tuliokabidhiwa ukarani tulimjibu kwa heshima zote, na kwa muhuri, kwamba mambo ya mkutano yalikuwa yamekwisha kupangwa. Baadaye tulipita kwao kwa shughuli nyingine, tukauona ule mtambo umeegemezwa ukutani: gurudumu la baiskeli, pipa la bati lililotobolewa matundu, na vipande vya mpira wa gari. Mama yake alituambia kwamba ulipura upesi, lakini ulivunja mbaazi nyingi. "Gurudumu lilikwenda mbio mno," akasema, "tena mbaazi zenyewe hazikuwa zimekauka vema. Nilimwambia, lakini alidhani ninamdharau." Mwenye mtambo alikuwa amekwisha kwenda Nairobi kutafuta kibarua, na mnyororo wa baiskeli alikuwa ameuuza apate nauli.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba mtambo ule ungalifaulu. Hilo hatulijui. Lakini twajua kwamba katika mkutano ule ule waliketi akina mama wasiopungua hamsini ambao wamepura mbaazi maisha yao yote. Laiti angalisimama mbele yao kwa saa moja, angaliambiwa na wengi lile alilokataa kulisikia kwa mmoja, na asingaliona ni dharau. Saa ile sisi tulimnyima.

Desturi ya kuonyesha vitu vilivyofanyizwa nyumbani si ngeni duniani. Mwaka 2006, katika mji wa San Mateo, California, huko Marekani, yalifanyika maonyesho ya kwanza yaitwayo Maker Faire. Mtu yeyote aliyefanyiza kitu kwa mikono yake, hata kama si mwenye kiwanda wala mwenye shahada, aliweza kukileta na kusimama kando yake akijibu maswali. Mwaka 2009 Waafrika nao walifanya maonyesho ya namna hiyo mjini Accra, Ghana, kwa jina la Maker Faire Africa. Na mwezi wa Agosti 2010 yakafanyika papa hapa Kenya, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Basi kama chuo kikuu hakikuona haya kuwafungulia mlango mafundi wa uani, kwa nini chama cha kusaidiana kama hiki kione haya?

Pengine mzee atauliza: je, katika michezo hiyo yaweza kutoka jambo la maana? Twaomba kutoa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa William Kamkwamba wa nchi ya Malawi. Njaa kubwa ilipoingia huko mwaka 2001 na 2002, wazazi wake walishindwa kulipa karo, naye akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Akawa anakwenda katika maktaba ndogo ya kijijini, akaona katika kitabu picha ya mtambo wa upepo. Akaufanyiza wake kwa miti, kwa vipande vya baiskeli, na kwa vyuma alivyookota jalalani. Majirani walidhani ameingiwa na wazimu, mpaka taa ilipowaka. Mwaka 2007 aliitwa kusimama mbele ya mkutano wa watu wa mataifa mengi mjini Arusha, Tanzania, na tangu hapo mlango wa masomo ukafunguka tena kwake.

Wa pili ni wa karibu zaidi. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyekaa na wazazi wake kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakiwaua usiku. Kwanza alijaribu moto, lakini moto uliwasaidia simba kuona zizi. Kisha akasimamisha sanamu ya mtu. Simba walikuja siku ya kwanza wakarudi, na siku ya pili wakatambua kwamba kile kitu hakiendi popote. Ndipo alipotambua, usiku mmoja akitembea na kurunzi, kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kioo cha kukusanya nguvu za jua, na kidude kinachomulisha taa za pikipiki wakati wa kukata kona, akafanya taa zinazometameta kuzunguka zizi kana kwamba mtu analizunguka. Simba wakakoma kuja. Majirani wakamwomba awawekee nao, na mwaka 2013 alieleza kazi hiyo mbele ya mkutano mkubwa huko Marekani.

Twaomba mtazame, wazee wetu, kwamba mtoto huyo alishindwa mara mbili kabla ya kufaulu mara moja. Kama angalipelekwa barazani siku ya ile sanamu, huenda tungalicheka tukamrudisha nyumbani. Mtu asiyeruhusiwa kuonyesha kosa lake hujifunza kulificha, na kosa lililofichwa halina wa kulirekebisha.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Hapa kwetu Kola, mwaka 1978, Bwana Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, ambacho kazi yake ya mabwawa ya mchanga imejulikana hata ng'ambo. Sote twaijua namna yake. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, kukatiza mto unaokauka. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga ukatua nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu likaenda zake. Maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, jua lisiyafikie, na watu huchota miezi mingi baada ya mto kukauka. Hatusemi kwamba ni Kola palipobuniwa mabwawa hayo. Twasema kwamba kazi hii ilienea kwa sababu ilifanywa mchana, kwa mwethya, mbele ya watu wote. Ukuta usiofika kwenye mwamba huvuja kwa chini, na mwenye kuuona ukuta wa jirani unavuja huchimba wake zaidi. Ndivyo elimu isafirivyo vijijini: kwa macho, na kwa maswali yasiyo na kiburi.

Ni kweli kwamba yako maonyesho ya kilimo ya Machakos, na yako maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari. Twayasifu yote mawili. Lakini fundi aliyekwisha kutoka shuleni, asiye na kampuni wala fedha ya kukodi kibanda, hana pa kusimama. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sasa kama kwao hakuna uwanja, atacheza wapi?

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi manne. Kwanza, siku ya mkutano wa mwaka itengwe saa moja, na meza moja, kwa vitu vilivyofanyizwa nyumbani. Pili, kila mwenye kuonyesha akifungue chombo chake, aseme kilimgharimu shilingi ngapi, na aeleze ni wapi kilipomshinda. Tatu, waulizaji wa kwanza wawe wazee na akina mama, maana wao ndio watakaokitumia au kukikataa. Nne, karani amwonye kila mtu mapema kwamba kitu kikiisha kuonyeshwa hadharani, haki ya kukiandikisha serikalini chaweza kuipoteza. Kwa sheria ya mwaka 2001, ofisi inayohusika ni Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya. Mwenye kudhani kwamba amevumbua jambo jipya kabisa aiulize ofisi hiyo kwanza, ndipo alete mezani.

Tumesikia mnong'ono kwamba fedha ya chama ni ya mazishi na karo, wala si ya vyuma vikuukuu. Mnong'ono huo ni wa haki, nasi twauheshimu. Ndiyo sababu hatukuomba hata senti moja. Meza iko katika ghala ya chama. Saa moja yaweza kupunguzwa katika hotuba, na tuanze na hotuba za karani.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, twaomba kibali cha kuandika barua nyingine kwa kijana yule, kwa anwani ya mama yake. Tutamwambia kwamba meza ipo, kwamba akina mama wangali wanapura mbaazi kwa fimbo, na kwamba mtambo wake bado umeegemea ukuta, umepungukiwa mnyororo tu. Kama mkutano utakubali, barua hiyo itapigwa muhuri leo, kabla ya jua kuchwa.