Jua la Msimbati na ngozi isiyo na kinga

Wasikilizaji, pale Msimbati, kusini mwa Tanzania, jua la utosi halina huruma, na ngozi ya mwenye ualbino haina melanini ya kutosha kulizuia. Mionzi huharibu vinasaba ndani ya seli. Mara nyingi mwili hurekebisha. Lakini ikiharibika jeni ya p53, ile inayoiamuru seli mbovu iache kugawanyika au ife, seli huzaliana bila breki. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi. Huanza kama kidonda kidogo sikioni au mdomoni, kisichopona. Mafuta ya kukinga ngozi na jua, Kilisun, yanatengenezwa humu humu nchini, Moshi. Kwangu mimi hiyo ni dawa kama dawa nyingine: imfikie mkulima wa korosho kijijini kwake, tena bila kuikosa mwezi hata mmoja.